Mgongo umeshuka hadi kidole gumba cha mguu. Nimeambiwa UTI, figo, sasa upasuaji. Nimsikilize nani?

Dereva wa Kitonga (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Wakubwa shikamooni. Naandika nimesimama, simu nimeiegesha juu ya friji, maana kukaa siwezi.

Mimi ni dereva wa lori, njia ya Dar hadi Tunduma, umri miaka 41. Hii ni wiki ya tisa. Ilianzia Ruaha Mbuyuni: tairi lilipasuka, nikainua spea, nikasikia kitu kiunoni kama kamba imekatika. Kiuno kikakaza siku mbili, kikaachia, nikasema yamekwisha. Siku ya nne maumivu yakahama. Yakaingia tako la kushoto, yakashuka na paja kwa upande wa nje hadi mguuni. Sasa kiuno chenyewe kinauma kidogo tu, mguu ndio unaniua. Nikikohoa napigwa shoti. Nikipiga chafya ndiyo kabisa.

Nimezunguka hivi. Kituo cha kwanza walipima mkojo, wakasema UTI, nikachomwa sindano siku tano. Cha pili wakasema figo, kwa kuwa "mgongo unauma", ninywe maji mengi. Mnaoendesha malori mnajua maji mengi barabarani ni mateso ya aina nyingine. Cha tatu wakanipiga eksirei, wakasema pingili mbili za chini zimesagika na zinabana mishipa, nikaandae hela ya upasuaji. Katikati ya hayo yote, kila nikizidiwa nachoma diklofenaki, nalala saa mbili, naamka, naendesha.

Kisu siogopi kama ndicho chenyewe. Ila mguu mmoja umepewa majibu matatu. Mliopitia hii, mlijuaje kwamba kweli ni mshipa wa fahamu umebanwa?

Kijiwe Namba 9

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, mimi mwenyewe kiuno changu kinasoma huu uzi.

Tiba Mizizi

Hiyo ni ngiri ya mgongo imeshuka. Nina dawa ya mizizi, siku 21, inarudisha diski, inasafisha figo, inaongeza na nguvu za kiume. Njoo pembeni tuongee.

Kijiwe Namba 9

Yaani dawa moja inafanya kazi za wizara tatu. Toka hapa.

Fundi Zege

Kabla ya mengine yote naomba nimuulize mleta uzi swali moja, na asione aibu. Mkojo unautoa vizuri? Ukijipangusa chooni unasikia mkono wako mwenyewe, au pamekufa ganzi?

Nauliza kwa sababu. Mdogo wangu alikuwa anabeba zege kama mimi. Alianza hivi hivi, mguu mmoja, kisha miguu yote miwili ikalegea, halafu siku moja akasema anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa lakini hasikii kama amekaa. Tukacheka. Kesho yake mkojo hautoki, tumbo limejaa. Kituo tulichokwenda wakamwekea mpira, wakampa dawa za UTI, tukarudi nyumbani. Siku ya nne ndipo tukakutana na daktari mmoja aliyemuuliza hilo swali la kujipangusa, akatufokea sisi wote mle ndani kwa kuchelewa. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule. Anatembea sasa, anafanya kazi ndogondogo. Mkojo hadi leo anautoa kwa mpira.

Dereva wa Kitonga

Mkuu umenitisha, nimekwenda kujijaribu. Nasikia kila kitu, mkojo unatoka sawa, haja kubwa sawa. Mdogo wako pole yake.

Zamu ya Usiku

Fundi Zege ameuliza swali ambalo lilitakiwa liulizwe na vituo vyote vitatu.

Mimi ni daktari. Siwezi kukupima kwa simu mleta uzi, ila naweza kukueleza aliyekaa mbele yako alipaswa kutafuta nini.

Kwanza hilo la Fundi. Kwa mtu mzima uti wenyewe, ile kamba kuu ya fahamu, unaishia kama usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mafungu ya mishipa yananing'inia, wazee wa tiba wakayaita mkia wa farasi. Yakibanwa yote kwa pamoja unapata ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo kugoma au kuvuja, haja kubwa kutoka bila habari, na miguu yote miwili kulegea. Mgonjwa wa namna hiyo haandikiwi kurudi wiki ijayo. Anapelekwa usiku huohuo kwenye hospitali yenye MRI (mashine ya picha inayoonyesha hata diski na mishipa ya fahamu) na daktari wa upasuaji wa mgongo, kwa sababu hapo zinahesabiwa saa.

Kama huna hayo, tuna nafasi ya kufikiri taratibu.

Pingili za kiuno ni 5, karatasi za majibu zinaziandika L1 hadi L5. Chini yake upo mfupa wa sakramu, unaanzia S1. Kati ya pingili na pingili ipo diski, yenye gamba gumu la nyuzi nje na ute mzito ndani. Gamba likichanika upande wa nyuma, ute unasukumwa nje na kukutana na mshipa wa fahamu unaopita pale. Unaukandamiza, na pia unauwasha kama pilipili kwenye kidonda, ndiyo maana diski ndogo wakati mwingine huuma kuliko kubwa. Mambo haya si ya zamani sana. Mwaka 1934 ndipo Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walipoandika kwamba maumivu ya kushuka mguuni mara nyingi yanatokana na diski iliyopasuka.

Sasa sikia hapa. Kila mshipa una mtaa wake mguuni. Mshipa ukibanwa mgongoni, anayelia ni mkazi wa mtaa. Wa L4 unahudumia mbele ya paja na upande wa ndani wa mguu chini ya goti. Wa L5 unapita pembeni ya mguu, unakuja juu ya wayo hadi kidole gumba. Wa S1 unapita nyuma, kwenye shavu la mguu, kisigino, ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo. Wengi waliopasuka diski wamepasuka kati ya L4 na L5 au kati ya L5 na S1, kwa hiyo wengi wanalia kwenye mitaa hii miwili ya mwisho.

Kwa hiyo niambie, maumivu yako yanaishia wapi hasa? Usiseme "mguuni". Chukua kidole, fuata njia yake mpaka inapokoma.

Dereva wa Kitonga

Daktari shikamoo kama umenizidi. Nimefuata kwa kidole. Tako, paja kwa nje, pembeni ya mguu chini ya goti, juu ya wayo, kidole gumba. Hapo juu kati ya kidole gumba na cha pili pana ganzi, nikikuna ni kama nakuna kiatu.

Zamu ya Usiku

Vizuri. Sasa vua viatu, fanya mambo matatu mbele ya mtu. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vyote juu. Kisha tembea kwa vidole, visigino juu. Halafu kaa, inua vidole gumba vyote viwili kuelekea kwako, mtu avikandamize kwa wakati mmoja, wewe ukatae.

Kitakachotokea kiandike kama kilivyo. Usijitie nguvu, hapa hatushindani.

Mpimaji

Samahanini lakini mnamzungusha mgonjwa. Dunia ya leo mnamwambia mtu atembee kwa visigino? Aende MRI, ikatoke picha, picha ndiyo inaongea. Mengine ni kupoteza muda. Mimi nilijilipia mwenyewe bila kumuuliza daktari, nikapata jibu siku hiyohiyo: diski tatu zimevimba.

Mikono Miwili

Mpimaji, mgongo wako unauma wapi?

Mpimaji

Juu, katikati ya mabega.

Mikono Miwili

Na diski zilizovimba ni zipi?

Mpimaji

L3 hadi S1.

Kijiwe Namba 9

🙆🏾‍♂️

Mikono Miwili

Sisemi hivyo kukuaibisha mkuu, kila wiki napokea watu wa namna yako. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mkoani. Mtu anaingia na bahasha kubwa ya picha ameikumbatia kama hati ya nyumba, lakini hakuna aliyewahi kumgusa goti kwa nyundo.

Zamu ya Usiku

Niongezee namba kidogo. Mwaka 1994 huko Marekani waliwapiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau diski moja iliyovimba. Mwaka 2015 zikajumlishwa tafiti nyingi za watu wasioumwa: wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa, na wenye miaka 80 asilimia 96. Diski inachakaa kama kichwa kinavyoota mvi. Ukimpiga picha mtu yeyote wa kijiwe hiki, utakuta kitu cha kuandika.

Picha inajibu swali. Ukiipeleka bila swali inakujibu lolote. Swali linatokana na maelezo ya mgonjwa na mikono ya anayempima: "nadhani mshipa wa L5 wa kushoto umebanwa, hebu nionyeshe." Hapo MRI ina thamani ya hela yake.

Eksirei iliyompa mleta uzi jibu la "pingili zimesagika", yeye aelewe kwamba eksirei inaona mfupa. Diski haionekani pale, wala mshipa wa fahamu hauonekani. Inachoonyesha ni nafasi kati ya pingili imepungua, na hiyo inapungua kwa wengi wetu. Inafaa ukianguka, au ukihofia mfupa umevunjika, umeliwa au umeteleza. Kumwambia mtu mshipa wake umebanwa kwa eksirei ya kawaida ni kubahatisha.

Msukuma wa Nzega

Naomba kuuliza la mzee wangu, linafanana ila si lenyewe. Ana miaka 71. Akitembea kutoka nyumbani hadi mnadani miguu yote inakuwa mizito, inawaka, lazima akae njiani mara tatu. Akikaa dakika chache anainuka mzima. Ajabu yake, akipanda baiskeli anakwenda shamba kilomita nane bila kusimama. Ndugu wanasema anadeka, hataki tu kutembea.

Zamu ya Usiku

Mzee hadeki. Umeeleza ugonjwa vizuri kuliko barua nyingi za rufaa.

Kwa umri wake, njia ya mishipa ndani ya mgongo huwa inasinyaa, mfupa unaota pembeni, kano zinanenepa. Akisimama wima njia inabana zaidi. Akiinama mbele inafunguka kidogo. Juu ya baiskeli ameinama, kwa hiyo miguu inapata nafasi. Waangalie wazee wa namna hiyo sokoni, utawakuta wameegemea mkokoteni au meza ya muuza nyanya.

Ila kuna mwigo wake: mishipa ya damu ya miguuni kuziba, hasa kwa wavutaji sigara na wenye kisukari. Huyo naye anasimama njiani. Tofauti ni kwamba wa damu akisimama tu wima anapona, hahitaji kukaa wala kuinama, na baiskeli nayo inamshinda. Mpelekeni apimwe mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Ni vidole viwili vya daktari, havina gharama.

Msukuma wa Nzega

Asante sana daktari. Nimemsomea, amesema "nilikuwambieni".

Binti Matombo

Na mimi nichangie la mama yangu, maana kila anayesema mgongo siku hizi anaambiwa diski.

Mama alikuwa anaumwa mgongo miezi saba. Maumivu ya usiku, akilala ndiyo yanazidi. Nguo zinampwaya, jioni anatoka jasho analowesha shuka. Kikohozi hana kabisa. Tulimchua kwa mafuta, tukamfunga mkanda, kuna mtu alimkanda kwa goti mgongoni hadi akalia. Ndipo shangazi alipomuogesha akaona katikati ya mgongo pana kinundu. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo.

Alitumia dawa miezi mingi, bure, kituo cha serikali. Yuko hai, anakemea watu kama zamani. Kile kinundu kimebaki.

Zamu ya Usiku

Asante Binti Matombo, na huku kwetu hili lisisahaulike. Percivall Pott, Mwingereza, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na bado tunauona wodini. Maumivu ambayo hayapumziki usiku, homa, kukonda, jasho, historia ya saratani, kinga iliyoshuka, kutumia steroidi muda mrefu, kuanguka kutoka juu: mtu huyo apimwe damu na apigwe picha mapema, asiambiwe afanye mazoezi wiki sita kwanza. Na asikandwe kwa goti, jamani.

Dereva wa Kitonga

Nimerudi. Mke wangu ndiye shahidi.

Vidole: natembea sawa. Visigino: mguu wa kulia sawa, wa kushoto wayo unashuka, natembea kama bata. Kidole gumba cha kulia ameshindwa kukishusha. Cha kushoto amekishusha kwa kidole chake kimoja, tena kidole cha mwisho, huku anacheka. Kisha akaacha kucheka.

Mikono Miwili

Nina wasiwasi wa kitu kimoja kabla hatujaangukia mgongo. Wewe dereva, ukiendesha goti la kushoto unaliegemeza kwenye kifuniko cha injini?

Dereva wa Kitonga

Ndiyo! Umejuaje?

Mikono Miwili

Kuna mshipa wa fahamu unazunguka kile kifupa cha nje chini kidogo ya goti, uko juu juu kabisa. Ukiugandamiza kwa saa nyingi, wayo unashuka vilevile na juu ya wayo panakufa ganzi vilevile, wakati mgongo wako hauna kosa. Kwa simu, sababu hizo mbili hatuwezi kuzitenganisha. Maumivu ya tako na shoti ukikohoa yanaelekeza mgongoni, ila apatikane mtu akupime ana kwa ana. Na acha kuendesha kwa sasa, mguu wenyewe huo ndio wa klachi.

Zamu ya Usiku

Naunga mkono. Wiki ya tisa, na sasa kuna udhaifu wa msuli. Hii si ya kukaa nayo. Siku hizi mbili tatu nenda hospitali ya rufaa yenye daktari wa mifupa au wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Waeleze kama ulivyotueleza sisi. Useme "kidole gumba hakiinuki", usiseme "mgongo unauma". Ukisema mgongo unauma, utapimwa mkojo tena.

Na diklofenaki ya kuchoma njiani, basi. Kwa mtu anayeendesha na njaa na kiu, vidonda vya tumbo na figo ndivyo vitakavyokuwa uzi wako unaofuata.

Bi Mkunazini

Mwanangu pole, Mola akupe shifaa. Mimi nilikatazwa hata kuinuka kitandani mwezi mzima kwa mgongo wangu. Vipi, na yeye alale?

Mikono Miwili

Hapana bibi, shikamoo. Hiyo ilikuwa dawa ya zamani, sasa imeachwa. Siku moja mbili za kujinyoosha kama maumivu makali, kisha ajongee, atembee kidogo kidogo. Kulala mwezi kunamaliza misuli.

Bi Mkunazini

Ndiyo maana niliinuka nikiwa dhaifu kuliko nilivyolala. Marahaba.

Dereva wa Kitonga

*(siku ya tano)*

Wakuu mrejesho. Nimekwenda hospitali ya rufaa. Nimekaa foleni kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, kukaa kwenyewe ni kusimama. Ila huyu daktari, kijana tu, alinipima dakika kama ishirini. Naeleza yote kwa ajili ya atakayekuja kusoma.

Aliniuliza kwanza maswali ya Fundi Zege, hata ya kujipangusa. Akauliza kukonda, homa, kisukari, dawa za TB, kama natumia au niliwahi kutumia, kwa maelezo yake kisukari na baadhi ya dawa huleta ganzi miguuni, ila hiyo huanza miguu yote miwili kama umevaa soksi.

Akanilaza chali. Akainua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, polepole. Ulipofika kama digrii 40 nikapiga kelele, shoti ikashuka hadi kidole gumba. Akaushusha kidogo ikaisha, akaukunja wayo kuelekea kwangu, ikarudi. Halafu akainua mguu usiouma, wa kulia. Nikasikia maumivu mguu wa kushoto! Nikadhani nimechanganyikiwa. Akasema hiyo ndiyo inayomsadikisha zaidi. Kuinua mguu unaouma kunawauma wengi, hata wasio na diski. Lakini kuinua mguu usiouma ukauma ule wa pili, mara nyingi diski imetoka kweli.

Akagonga magoti kwa nyundo, yote yakaruka. Akagonga nyuma ya vifundo, yote yakaruka. Nikasema basi nimepona. Akacheka, akasema goti ni la L4, kifundo ni cha S1, L5 haina nyundo ya kuaminika, kwa hiyo kuruka kwake kunalingana na anachokidhani.

Kisha lile la Mikono Miwili. Akanilaza ubavu wa kulia, niinue mguu wote wa kushoto kwenda juu, akaukandamiza. Ukashuka. Akanifanya nisimame kwa mguu mmoja, nyonga ikalala upande. Akaniambia mshipa wa kwenye goti hauna kazi nyongani. Kama tatizo lingekuwa kifuniko cha injini, nyonga ingekuwa na nguvu zake. Nyonga na kidole gumba vimelegea pamoja, na vinakutana kwenye mshipa wa L5 tu.

Kabla ya picha yoyote akaandika kwenye karatasi: "L5 kushoto, diski L4-L5." Akaikunja, akanipa niweke mfukoni.

Kijiwe Namba 9

Daktari wa kamari huyo. Ikawaje?

Dereva wa Kitonga

MRI nimefanya jana. Waliniuliza kama nina chuma mwilini, betri ya moyo, au nimewahi kuchomelea vyuma bila miwani. Kelele zake ni kama upo ndani ya injini mbovu nusu saa. Nilifumba macho nikauhesabu mlima Kitonga kona kwa kona.

Majibu ukiyasoma peke yako unaweza kuandika wosia. Diski tatu zimekauka. L3-L4 imevimba kidogo. L5-S1 imevimba kuelekea kulia. Kuna na pingili moja ina madoa ambayo wameyaita ya kawaida. Katikati ya hayo mstari mmoja: diski ya L4-L5 imetoka kwa nyuma upande wa kushoto na inaukandamiza mshipa wa L5 wa kushoto.

Nikatoa karatasi mfukoni.

Mpimaji

Sawa. Nimekubali. Naenda kutafuta mtu wa kunipima mabega.

Zamu ya Usiku

Safi sana. Yale mengine ni mvi zako, yaache. Ya L5-S1 iko kulia, wewe unaumwa kushoto, haikuhusu.

Amesemaje kuhusu upasuaji?

Dereva wa Kitonga

Amesema udhaifu wangu ni wa wastani, bado nainua wayo dhidi ya uzito wake, hautoshi kukimbilia kisu leo wala hauturuhusu kulala. Amenipa wiki nne, fiziotherapia, dawa chache za kutuliza zenye mwisho, na kila Jumapili mke wangu apime kidole gumba na kuandika. Kikizidi kulegea, au mkojo ukibadilika, nisingoje tarehe. Nikishindwa kabisa na maumivu, tunaongelea sindano ya pembeni ya mshipa au upasuaji.

Niliuliza, hiyo diski itarudi yenyewe? Akasema hairudi kama droo, ila mwili huula ule ute uliotoka, taratibu, na wakati mwingine kubwa ndiyo inayoliwa zaidi.

Zamu ya Usiku

Kweli. Uholanzi walilipima hilo, matokeo yakatoka 2007: watu 283 wenye maumivu makali ya namna hii, kundi moja likapasuliwa mapema, la pili likasubirishwa, likapasuliwa likishindwa. Waliopasuliwa mapema mguu ulitulia haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, na wengi wa wale waliosubiri hawakuhitaji kisu. Ila wale walikuwa hawana udhaifu mkubwa wa msuli, kwa hiyo daftari la Jumapili la mkeo ndiyo roho ya mpango wako.

Tiba Mizizi

Mizizi yangu inakula huo ute kwa siku 21.

Kijiwe Namba 9

Huyu bado yupo?

Dereva wa Kitonga

*(wiki ya saba tangu nifungue uzi)*

Wakuu, daftari hili hapa. Jumapili ya kwanza: kidole cha mwisho cha mke wangu kimenishinda. Ya pili: kimenishinda. Ya tatu nilitaka kurudi hospitali nikapasuliwe, maumivu yalipanda siku mbili, nikampigia daktari, akauliza kidole gumba, nikasema kiko vilevile, akasema vumilia. Ya nne: kidole cha mwisho nimekishinda, cha shahada kimenishinda. Ya sita: cha shahada nimekishinda. Jana ameweka kiganja kizima, amesema ni haki yake.

Ganzi juu ya wayo imebaki kipande kama sarafu. Mguu unaniuma nikikaa zaidi ya saa moja, nikitembea unatulia.

Mikono Miwili

Ganzi huwa ya mwisho kuondoka, na kwa wengine kipande hubaki. Nguvu imerudi, hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja. Barabarani lini?

Dereva wa Kitonga

Daktari ameniruhusu Jumatatu ijayo, safari fupi kwanza, nishuke kila saa moja. Kwa hiyo mkiona pale Chalinze mtu anazunguka lori lake kwa visigino, vidole juu, msimpigie traffiki. Sijalewa.

Fundi Zege

Spea abebe tingo.